MAPATO BAADA YA MAVUNO
Historia fupi ya mali za wakulima wa pamba kandokando ya Ziwa, na fundisho lake kwetu

Imeandikwa na Katibu wa Chama, Mirongo, Mwanza



Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu na kupongezana. Wenzangu katika kijitabu hiki wameandika habari za mizani, za mbegu na za ujenzi wa maghala. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya jambo lililozungumzwa sana mwaka huu katika mikutano ya vyama vya msingi, nalo ni hili: je, mkulima aweza kupata fedha isiyotokana na jembe la siku ile? Je, zipo njia za mapato ziletazo shilingi hata pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na shamba limelala? Na kama zipo, ni nani azilinde?

Swali hili si la maneno matupu. Katika mkutano mkuu ujao mtaombwa kuamua kama bakaa yetu igawanywe yote, au sehemu yake itiwe katika ghala la kupangisha na mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Wapo wasemao, "Tugawane, mtoto analia leo." Wapo wasemao, "Tukigawana kila mwaka, mwakani tutalia sote." Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Lakini kabla ya kuinua mikono, yafaa tuwatazame waliotutangulia, maana jambo hili si geni hapa Mwanza. Wazee wetu walilijaribu, wakafaulu sana, kisha matunda ya kufaulu kwao yakatoweka mikononi mwa watoto wao. Tusipojua sababu ya yote mawili, tutapiga kura gizani.

MALI IZAAYO NI DESTURI YA ZAMANI

Watu wengine hudhani kwamba mapato yasiyo ya jembe ni mawazo mapya ya watu wa mijini. Sivyo. Msukuma wa zamani aliyekuwa na mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Aliwagawa ng'ombe wake kwa ndugu na rafiki wa vijiji vya mbali. Mwenye kupokea alikunywa maziwa na kutumia samadi, na mwenye mali aliendelea kuhesabu ndama. Hivyo ugonjwa ukiingia zizi moja, au ukame ukipiga upande mmoja wa nchi, hakupoteza vyote.

Tazameni mambo mawili katika desturi hiyo. La kwanza, mali ilitawanywa ili isiangamie kwa pigo moja. La pili, mwenye mali hakuisahau. Alikwenda kuitazama, akajua kila ng'ombe kwa rangi na kwa mama yake, na palikuwa na mashahidi. Mapato yale yaliitwa ya bure na wasiojua, lakini hayakuwa ya bure. Bei yake ilikuwa kukesha.

MIZANI, CHANZO CHA YOTE

Pamba ilianza kulimwa huku tangu wakati wa Wadachi, ikaenea zaidi chini ya Waingereza. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilitoa mbegu bora zilizostahimili wadudu, na kilimo kikapanuka. Lakini hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa mapato: alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, ikapimwa, akalipwa, akarudi nyumbani. Kilichotokea baadaye kwa ile pamba hakikumhusu. Viwanda vya kuchambua vilikuwa vya wengine, mbegu zilikuwa za wengine, na mizani ilikuwa ya wengine. Malalamiko juu ya mizani yalikuwa makubwa katika nchi nzima ya Usukuma.

Mwaka 1947 kijana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na aliyekuwa amefanya kazi ya ukarani katika machimbo ya almasi ya Mwadui, alianza kukitumikia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake walianza kuwaunganisha wakulima wenyewe. Kazi yao ya kwanza haikuwa kujenga kiwanda wala kununua nyumba. Ilikuwa kuweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia, ili mkulima ajue uzito wa kweli wa mzigo wake kabla ya kuukabidhi.

Hapo pana fundisho kubwa. Mtu asiyejua uzito wa pamba yake hawezi kujenga chanzo cha pili cha mapato, maana hata hicho cha kwanza hajakishika.

KUTOKA MIZANI HADI VIWANDA

Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo Tanganyika tangu mwaka 1932, na kuanzia mwaka 1953 vyama vya msingi vya wakulima wa pamba viliandikishwa kimoja baada ya kingine. Mwaka huo huo Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vikuu vya Jimbo la Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, kwa kifupi V.F.C.U., naye akawa meneja wake mkuu. Kufikia mwaka 1960 karibu pamba yote ya sehemu hizi ilipita mikononi mwa ushirika, na V.F.C.U. ilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima.

Lakini jambo lituhusulo zaidi ni lile lililofanyika mwaka 1956, wakulima walipopata kiwanda chao cha kwanza cha kuchambua pamba huko Kasamwa, upande wa Geita. Wengi wetu tunaona jineri kuwa ni mashine tu. Kwa hesabu ya mapato jineri ni zaidi ya hiyo. Mkulima akipeleka kilo 100 za pamba yenye mbegu, baada ya kuchambuliwa hupatikana nyuzi kiasi cha theluthi moja hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu. Nyuzi hufungwa marobota na kuuzwa kwa viwanda vya nguo. Mbegu nyingine hurudi shambani, na nyingine hukamuliwa. Mafuta yake hupikiwa, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Mzigo ule ule mmoja, uliokuwa na bei moja mlangoni pa mnunuzi, sasa wazaa bei tatu au nne.

Na mali hiyo ilipatikanaje? Haikushuka kama mvua. Sehemu yake ilitokana na makato madogo katika bei ya pamba ya kila mkulima. Mwanamke wa Kwimba aliyeuza mafurushi mawili, na mzee wa Sengerema aliyeuza kumi, wote waliacha senti zao mezani ili chama kiwe na kitu cha kudumu. Haba na haba hujaza kibaba. Miaka ya 1960 ilipoingia, ushirika wa hapa ulikuwa na viwanda kadhaa, maghala, magari na majengo.

Wenzetu wa mikoa ya kahawa walifanya vivyo hivyo. Chama kikuu cha Kilimanjaro, K.N.C.U., kilichoanzishwa mwaka 1933, kilijenga jengo lake kubwa katikati ya mji wa Moshi, lenye ofisi na vyumba vya wageni. Ng'ambo ya Ziwa, chama kikuu cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na ushirika wa huko ulikuja kuwa na hoteli kando ya maji na hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA. Katika miaka ambayo bei ya kahawa huanguka huko duniani, pango na gawio haviangukii siku ile ile.

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Mwaka 1844 wafumaji na mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walikusanya paundi moja moja na kufungua duka lao. Kila kiongozi wa ushirika hulijua jambo hilo. Lisilosimuliwa mara nyingi ni lile lililowapata baadaye. Duka lilipostawi, mwaka 1850 walijiunga kuanzisha kinu cha unga, na mwaka 1854 wakaanzisha kiwanda cha nguo za pamba. Kanuni yao katika kiwanda ilikuwa kwamba faida igawanywe kwa wenye hisa na kwa wafanya kazi pia.

Kiwanda kilipata faida, na faida ikavuta watu. Wakaja wanunuzi wapya wa hisa ambao hawakuujali ushirika. Walichotaka ni gawio la fedha yao. Mwaka 1862 wenye hisa hao walikuwa wengi kuliko wenye imani ya zamani, wakapiga kura na kuifuta haki ya wafanya kazi. Kiwanda kikabaki kama kampuni nyingine yoyote. Hakuna mwizi aliyevunja mlango, wala nyumba haikuungua. Chanzo cha mapato kilichukuliwa mchana, katika mkutano halali, kwa sababu wenyewe walikuwa wachache waliohudhuria kwa moyo wa wenye mali.

MALI ILIVYOPONYOKA

Tukirudi kwetu, habari ni ya uchungu zaidi. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika vya nchi nzima. Iliona uongozi dhaifu, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, matumizi mabaya ya fedha, na wanachama wasioelimishwa juu ya mali yao wenyewe. Serikali iliingilia uongozi wa V.F.C.U., na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 mahali pake pakachukuliwa na Nyanza Co-operative Union.

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi ya pamba ikawa ya mamlaka ya umma. Viwanda vilivyojengwa kwa senti za wakulima vikaendeshwa na watu wasiowajibika kwa wakulima. Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika, na Nyanza ikaanza tena katikati ya miaka ya 1980. Lakini ilirudishiwa mali iliyochakaa, ikabeba madeni, na iliwakuta wanachama ambao kwa miaka kadhaa hawakuulizwa neno. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi katika msimu wa 1994/95, wanunuzi wapya walikuja na fedha taslimu mkononi, na ushirika wenye madeni haukuweza kushindana nao. Mali nyingi za Nyanza ziliishia kuuzwa au kushikwa kwa ajili ya madeni, na ugomvi juu yake ukadumu miaka mingi.

Wengi humlaumu mtu mmoja mmoja, na wengine huilaumu serikali au soko. Kila lawama ina sehemu yake. Lakini ukiuliza wana wa wakulima wa miaka ya 1950 baba yao alikuwa na hisa ngapi, na cheti chake kiko wapi, wengi hawana la kujibu. Watu wasiojua kwamba nyumba ni yao hawapigi kelele inapouzwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

TUFANYE HESABU

Sasa tulitazame shauri lililo mbele yetu, na tulitazame kwa tarakimu. Nitatumia mfano tu, maana bei za kweli zitaletwa mkutanoni na Bodi.

Tuseme ghala linagharimu shilingi 60,000,000, nalo lapangishwa kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 9,600,000. Toeni mshahara wa mlinzi, kodi, bima na matengenezo, tuseme shilingi 3,600,000. Zabaki shilingi 6,000,000, na gharama ya ujenzi itarudi kwa miaka 10. Likikaa tupu miezi miwili kila mwaka, zabaki shilingi 4,400,000, na gharama itarudi baada ya miaka zaidi ya 13. Hayo bado ni mapato mema, maana ghala lililojengwa vizuri hudumu muda mrefu kuliko huo.

Lakini tuseme fedha yote hiyo tumeikopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 9,000,000, na ghala limeleta 6,000,000. Ghala lile lile, mpangaji yule yule, mlinzi yule yule: katika hali ya kwanza latulisha, katika hali ya pili latula. Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kati ya wazee wa mwaka 1956 na wale waliokuja baada yao. Wa kwanza walijenga juu ya akiba. Wa pili waliweka jengo rehani ili kulipa deni la jana.

Kwa hiyo naona yatupasa kuuliza maswali matatu kabla ya kuanzisha chanzo chochote cha mapato. Je, fedha yake ni yetu au ni ya mkopo, na kama ni ya mkopo, kitajilipa chenyewe? Je, pigo litakalopiga pamba litakipiga nacho pia? Na je, ni nani atakayekitazama kila mwezi na kutoa taarifa kwa maandishi?

Kwa swali la pili, mashine ya mafuta na ghala si sawa. Mashine hutegemea mbegu. Mwaka wa ukame, pamba ikikosekana, mashine nayo italala. Ghala laweza kupokea mpunga, dengu, choroko au bidhaa za dukani. Mwenye mashine peke yake ameongeza thamani ya mlango wake wa kwanza, na mwenye ghala amefungua mlango wa pili. Zote mbili zafaa, ila tusizihesabu kuwa kinga ya namna moja. Ipo pia milango isiyohitaji matofali. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, na vyama vya ushirika vina hisa ndani yake. Vilevile tangu mwaka 2005, Mfuko wa Umoja wa UTT ulipoanza, mtu wa kipato kidogo aweza kununua vipande vya uwekezaji wa pamoja. Gawio la huko hupanda na kushuka, nalo halina ahadi, lakini halisubiri mvua ya Magu wala ya Misungwi.

PAMBA HAIACHWI

Pana hatari nyingine, nayo ni kudhani kwamba tukipata pango na gawio, jembe litapumzika. Sisi wa Mwanza twaona Mto Mirongo ukipita mjini na kuingia Ziwani, na twajua pia Simiyu, Mara na Kagera. Mtu aweza kufikiri kwamba mito hiyo ndiyo iliyojaza Ziwa. Lakini wataalamu wa maji wametueleza kwamba sehemu kubwa ya maji yaingiayo Ziwa Victoria, kama nne katika tano, hutoka kwa mvua inyeshayo juu ya Ziwa lenyewe. Mito husaidia, nayo ni ya thamani, lakini mvua ikikosekana mito haitoshi.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mvua yetu ni pamba ya wanachama. Msimu wa 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na ushuru wa kila kilo ukawa nguvu ya kwanza ya vyama vingi. Mwanachama akipunguza shamba, au akichanganya mchanga na maji katika pamba ili mizani ipande, amekausha chemchemi ambayo ghala na mashine vyote vyategemea. Hakuna bakaa ya kuwekeza pasipo pamba safi.

NENO LA MWISHO

Nimesema kwamba pande zote mbili zisikilizwe. Wanaotaka mgao wana sababu. Wazazi wao walikatwa senti, hawakuona gawio, kisha hawakuona hata kiwanda. Mtu wa namna hiyo haridhiki kwa kuambiwa "ngoja." Wanaotaka kuwekeza nao wana sababu, maana ugawaji wa yote kila mwaka ni kurudi kwenye mlango mmoja wa mwaka 1947.

Kwa maoni yangu, na uamuzi ni wa mkutano, sehemu moja ya bakaa igawanywe, ili kila mwanachama aonje tunda la mwaka huu. Sehemu nyingine ijenge ghala bila mkopo, hata kama litaanza dogo. Mashine ingoje mpaka ghala limeleta pango la miaka michache. Na lililo kubwa kuliko yote: kila mwanachama apewe cheti cha hisa chenye jina lake na la mrithi wake, hesabu za ghala zibandikwe ukutani katika kila chama cha msingi, wakaguzi wa COASCO wakimaliza kazi, taarifa yao isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale inapofaa, na jengo lolote lisiwekwe rehani wala kuuzwa pasipo kura ya mkutano mkuu.

Wazee wetu walianza kwa kusimama kando ya mizani ya mtu mwingine na kusoma uzito kwa macho yao. Leo mizani ni yetu, na ghala litakuwa letu, lakini kazi ya kusoma haikwisha. Njooni mkutanoni, ndugu, njooni na wake na waume, someni hesabu, ulizeni, kisha mpige kura kama wenye mali.

Umoja ni nguvu.